Pafu za kukalia chini kwa sebule ndogo: nijaze nini zisilale?

Binti wa Ligula:
Wadau habari za jioni. Nimepanga huku Ligula, Mtwara mjini, sebule yangu futi 10 kwa 12 na mlango wa korido umekaa vibaya, yaani ukiweka seti nzima ya makochi unapita kiubavuubavu kama kaa. Nina kochi moja la watu wawili, meza na mkeka basi. Shida ni wageni, maana kwetu hawaji mmoja mmoja, hela ya korosho ikishatoka tu ndugu wa Newala na Tandahimba wanaoshuka mjini lazima wapite kwangu, unashtukia watu nane sebuleni na wengine wamekalia ndoo.

Sasa nikazipenda hizi pafu, vile viti vya mto mnene visivyo na miguu, zile za duara kama za Morocco, mgeni akiondoka unasukumia chini ya meza sebule inabaki peupe. Nikaagiza moja ya ngozi mtandaoni, kwenye picha imevimba kama andazi, kufika nakuta ngozi tupu imekunjwa kwenye rambo haina kitu ndani!! Nauliza naambiwa "unajaza mwenyewe dada". Haya nikajaza nguo kuukuu, wiki mbili tu imelala kama chapati.

Naomba mnisaidie, nijaze nini, nishone kwa kitambaa gani, na zitoshe ngapi. Alafu mamkwe anakuja mwezi ujao kutoka Nachingwea na magoti yanamsumbua, nahofia nimkaribishe chini ashindwe kunyanyuka niaibike.

Mmakonde Mtata:
Dada mkeka unao. Ongeza mito miwili egemea ukuta, tatizo limeisha. Sisi tumekulia kwenye mkeka na hatukuwahi kusikia mtu anajaza nguo kwenye ngozi akae juu yake.

Binti wa Ligula:
Mkuu mkeka siukatai ila wageni wengine wanakuja na suruali za kubana, akikaa chini hata kikombe cha chai hafikii 😂

Fundi wa Mikindani:
Dada hujaibiwa, pafu za Morocco ndivyo zinavyouzwa, tupu, kwenye mzigo zisichukue nafasi, na hata kule kwao wanajaza wenyewe mablanketi na nguo. Ulipokosea ni kutumbukiza nguo ovyo. Nguo unaiviringisha ngumu kama unapakia begi la safari, unazisimamisha kuzunguka pembeni zikibanana, katikati unashindilia blanketi zito, juu ndo unamalizia na vitu laini. Mpaka zipu ifungwe kwa kulazimisha. Ikifunga kirahisi jua bado haijajaa.

Kwa hizo utakazoshona, mimi nakushauri sufi, ile pamba ya mti wa msufi, uchanganye na mabaki ya sponji kutoka kwa mafundi makochi. Sponji peke yake unakaa unanesa, sufi peke yake inashuka baada ya muda, ila sufi ina uzuri wake, ukiianika jua kali inavimba upya, na haishiki maji haraka, zamani hata maboya ya kujiokolea melini yalikuwa yanajazwa sufi. Kwahiyo sponji iweke katikati, sufi izunguke. Ukinunua sufi hakikisha imetolewa mbegu zote, zile mbegu zina mafuta na panya wanazipenda kuliko mahindi, utaamka usiku unasikia kwaruu kwaruu sebuleni. Wakati wa kuchambua funga kanga puani, yale manyoya yanaruka mpaka kwenye chai.

Vipimo: ukitaka upana wa sentimita 50 na kimo 35, mzunguko wake ni 157. Kwahiyo kata maduara mawili ya 54, na kipande kirefu cha 161 kwa 39, hapo nimeshaweka sentimita 2 za mshono kila upande. Shona mifuko miwili! Wa ndani wa kitambaa cha marekani, huo ndo unabeba sufi na haufunguliwi hovyo, wa nje wa kitenge au kitambaa cha kochi wenye zipu, unavua unafua. Kitenge kifue kwanza kabla ya kukata, kikija kusinyaa baadae hakirudi tena kwenye pafu hata umtukane fundi. Duara la chini kabisa weka kitambaa cha jinzi au turubai, maana ndo linaburuzwa kwenye sakafu. Kuna watu wananiletea magunia ya korosho wanataka ya nje iwe gunia, inapendeza kweli kwa macho, ila ukikaa na kaptula unawashwa mapaja.

Na mtu asisogeze chetezo cha udi karibu na sufi. Ikishika moto haina subira.

Mama Pacha Lindi:
Naongezea ya watoto. Usije ukadanganywa na zile punje nyeupe nyepesi kama za boksi la tivii, pacha wangu walifungua zipu mchana mmoja tu, nyumba nzima ikawa theluji, na mmoja nilimkuta ameshaanza kuziingiza puani. Nilitetemeka. Tangu siku hiyo zipu zote nakata kile kishikio, nafungulia pini.

Na rangi shoga yangu, huku kwetu usijaribu cheupe. Maji ya mabibo yakidondoka kwenye kitambaa leo unaona kama maji tu, kesho doa la kahawia halitoki hata uwe na sabuni ya aina gani. Chukua kitenge chenye maua mengi rangi nzito, af pazia liwe la rangi moja tu, vyote vikiwa na maua sebule ndogo inakuwa kama duka la vitenge. Masika nayo usiziache zimegusa ukuta, huku pwani ukungu unapanda kimyakimya, mimi yangu nilikuja kuigeuza mwezi wa tatu chini yote kijivu.

Mamkwe usimweke chini. Kiti cha kawaida kina kimo cha 45 hivi, mtu wa magoti hapo ndo ananyanyuka vizuri, hiyo 35 itamtesa. Mwekee kiti chenye mikono ya kushikia, na pafu iwe ya kuwekea miguu.

Kijana wa Mnazi Mmoja:
Kuna njia ya bei poa, tairi. Tairi la 185/65 R14 lina upana wa karibu sentimita 60 na unene 18.5, ukibebanisha mawili unapata 37. Unayafunga pamoja, juu unapigilia mbao ya duara, unazungushia kamba ya katani na gundi, unaweka mto. Haibonyei milele. Shida uzito, na kama hujaliosha vizuri joto la Disemba sebule inanuka gereji.

Binti wa Ligula:
Hapana kwa tairi, nitalala nalo mgongo 😂 Asanteni sana. Naanza na nne, mbili za 50 na mbili ndogo ziingie chini ya meza.

Binti wa Ligula: (wiki sita baadae)
Mrejesho wadau. Zimeshonwa nne, kitenge cha bluu na njano, ile ya ngozi nayo nimeviringisha nguo kama alivyosema fundi, sasa hivi mtu mzima anakaa haizami. Watu tisa walikaa wiki iliyopita na njia ya korido ikabaki wazi.

Mamkwe alifika, nikamuonyesha kiti cha mikono nilichoazima kwa jirani. Akakiangalia, akaja akabonyeza pafu moja kwa kidole, akaniuliza "sufi hii nani kakuuzia?" Kumbe amezisikia mbegu ndani! Na kweli mimi nilikuwa nimechoka, mfuko wa mwisho nikaujaza bila kuchambua. Akaomba mkasi. Jioni yote kaninyooshea miguu yake kwenye mkeka, mgongo kaegemeza pafu mbili, anachambua mbegu ananihadithia misufi ya kwao, na mimi pembeni nakusanya manyoya. Kiti cha jirani nimekirudisha hakijakaliwa.

Mmakonde Mtata:
Kwahiyo mamkwe kakaa kwenye mkeka kaegemea mito. Sawa.