Mjadala: Tohara Kanda ya Ziwa, nani alipe sasa, na mkono wa sweta utaisha lini?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, naomba tuongee jambo ambalo sisi wanaume tunalinong'ona tu. Tangu 2010 tohara ya hiari imekuwa ikitolewa bure huku kwetu, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje. Baadaye ikaruhusu vitu vichache viendelee, kama dawa za kufubaza VVU na kumkinga mtoto asiambukizwe na mama. Tohara haikuwamo. Sasa swali: serikali ibebe mzigo huo kwa kodi zetu, au kila baba ahangaike na mwanawe?

Mimi nasema serikali ibebe, ila iache kututahiri kwa aibu.

Kwa ambaye hajafuatilia, majaribio matatu, la Orange Farm kule Afrika Kusini (2005) na ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda (2007), yalionyesha kuwa tohara inampunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mawili kati ya hayo ni ya majirani zetu. Ukivuka Mutukula tu, Rakai hiyo hapo. Inapunguza, haiondoi, kwa hiyo kondomu iko palepale. Mwaka huohuo wa 2007 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache zianze.

Sasa Msukuma wa kale hakuwa na jando. Uanaume wake ulionekana kwenye ng'ombe, kwenye jembe, na kwenye vyama vya ngoma, uwe Mgika au Mgalu. Tohara ilikuwa mambo ya Waislamu, ya watu wa mjini, ya waliosoma, na ya Mkurya anayetucheka. Hema la tohara lilipofika kijijini, mzee hakuona kinga ya VVU. Aliona anaambiwa alivyozaliwa na kulelewa ni makosa.

Wahamasishaji nao wakashika njia ya mkato: "Dondosha mkono wa sweta!" yaani govi. Linachekesha, sikatai. Mimi mwenyewe nililicheka, mpaka lilipogeuzwa kwangu.

Nilitahiriwa nikiwa na miaka 36, baba wa watoto wawili, kwenye hema nyuma ya kituo kimoja cha afya ambacho sikitaji. Mbele yangu watoto wa shule ya msingi wamepanga foleni, nyuma yangu kijana wa bodaboda. Mhudumu akapaza sauti: "Mzee, umeleta mtoto au ni wewe mwenyewe?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Chini ya mwembe kulikuwa na wanaume wawili wa rika langu, wanajipa moyo. Mmoja akatoa simu akaiweka sikioni, na wala haikuwa imeita. Wakaondoka. Yule wa simu ni mvuvi wa dagaa, na hadi leo hajarudi.

Na mvuvi ndiye aliyehitajika pale kuliko mimi. Maisha ya kambini mnayajua: leo kisiwa hiki, kesho kile, hela ya usiku mmoja mfukoni, mke yuko mbali. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, watu wanakaa mwaloni wanacheza drafti na kushona nyavu. Hizo ndizo siku za kuwafuata. Kambini kwa jamaa zangu timu ilitua siku za giza, zisizo na mwezi, wanaume wamelala mchana kutwa, jioni wako majini, kisha ikaandikwa kuwa wavuvi hawana mwitikio! Kalenda ilifuata bajeti, haikutazama angani. Halafu kidonda kinataka wiki sita bila kukutana na mwanamke, na siku kadhaa bila kugusa maji ya ziwa. Nani anamlisha mvuvi siku hizo?

Tazameni Kisumu. Wajaluo nao hawakuwa na jando. Alama yao ya zamani ilikuwa kung'oa meno sita ya chini (desturi hiyo imefifia yenyewe bila hema wala spika, sijui kwa nini hakuna anayeishangaa). Katika siasa za Kenya, kutotahiriwa kumekuwa fimbo ya kumchapia Mjaluo, kwamba hafai kutawala. Kwenye ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wapo waliotahiriwa kwa nguvu, kwa panga. Ungedhani baada ya hapo hakuna Mjaluo atakayetaka kulisikia neno hilo. Lakini 2008 Raila Odinga, akiwa Waziri Mkuu, alisimama hadharani akaiunga mkono kama suala la afya, na vijana wa Nyanza wakajitokeza kwa wingi. Aliitenga na ukabila, na aliyeweza kuitenga alikuwa Mjaluo mwenyewe.

Huku kwetu nimehudhuria mikutano ya kampeni pale viwanja vya Furahisha, Mwanza, mpaka miguu ikavimba. Nimesikia meli, reli, daraja la Kigongo–Busisi. Tohara sijaisikia hata mara moja. Kazi hiyo ameachiwa mwenye spika. Nawasilisha.

*Nesi mstaafu, Misungwi:*
Mwanangu, pole kwa lile la foleni. Lakini nikwambie ukweli, aibu ilifanya kazi. Nimekaa hemani misimu minne. Tulianza na vipeperushi vya asilimia 60, tukakaa tunapigwa na upepo. Lilipokuja neno sweta, wakaja, na wengine waliletwa na wake zao wamewashika mkono. Kosa ninaloliona mimi ni jingine. Timu ilipimwa kwa idadi ya vichwa, na kichwa rahisi ni cha mtoto: hana familia ya kulisha, akiambiwa kaa anakaa. Ndiyo maana foleni zilijaa wa miaka 10 hadi 14. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likasema walengwa wawe wa miaka 15 na kuendelea, waweze kuridhia wenyewe. Hapo ndipo tulipogundua watu wazima hatukuwa nao.

*Mtani kutoka Tarime:*
Sisi hatukuhitaji Mmarekani. Wasukuma lipeni kwa ng'ombe, mnao wengi.

*Muuza dagaa, Kirumba:*
Kaka, umeandika vizuri lakini umejiandikia mwenyewe. Umetaja wavuvi, wazee, wanasiasa, na mwanamke umemgusa kwa mstari mmoja tu, tena ni mwanamke anayeambukiza. Mimi mume wangu alirudi na karatasi yake, akaniambia sasa yuko salama, kondomu za nini. Wiki ya tatu anadai haki yake, kidonda hakijakauka. Hakuna aliyeniita hata mara moja kunieleza. Kama kodi ni ya kwangu pia, na ushuru nalipa hapa mwaloni kila siku, basi kwanza dawa za kufubaza zisikatike na vipimo visipungue. Wasichana wanachanjwa dhidi ya HPV, virusi vya saratani ya shingo ya kizazi, tangu 2018 na hakuna gari lililopita mtaani kuwatukana.

*Mleta mada:*
Mama nesi, shikamoo. Nimekuelewa, ila uliowahesabu ni waliokuja. Wale wawili wa chini ya mwembe hawamo kwenye daftari lako.

Dada wa Kirumba, umenishika, sina pa kukimbilia. Kwenye mpangilio wa fedha nakubali, dawa zitangulie. Kitu kimoja tu: tohara inapunguza pia HPV kwa mwanaume, kwa hiyo na wewe una hisa humo, ingawa si kubwa kama nilivyotaka kujidai. Na la mke kuitwa aelezwe, sikuwahi hata kulifikiria. Wa kwangu naye hakuitwa. Nilimweleza mwenyewe, na sikumweleza yote.

*Nesi mstaafu, Misungwi:*
Marahaba. Na la daftari ni kweli.

*Muuza dagaa, Kirumba:*
Basi wakija tena waje mwezi ukiwa mkubwa kama ulivyosema, mwaloni tutakuwepo wote. Waje na hema mbili, moja la watu wazima. Na mbele ya hilo la watu wazima waweke benchi la wake.