Darasa la tatu, anasoma "mbwa" kama "mba": uzembe au kuna tatizo?

chaki_nyeupe: Habari wadau. Mwanafunzi wangu anajibu vizuri sana maswali ya mdomo, ila kusoma ni shida. "Nywele" anasoma "nyele", b na d anazichanganya. Mahudhurio hayana dosari. Nianzie wapi kabla ya kumwita mzazi?

elimu_maalumu: Mwalimu, anza na macho na masikio. Chati ya macho asome akiwa mita 6, jicho moja moja. Kwa masikio, simama nyuma yake, mnong'onezee maneno ayarudie. Wengine wanahitaji miwani tu.

Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana: dopi, mbwefa, nywito. Ya kitabuni huenda ameshayakariri, haya hawezi. Halafu bila maandishi: "Sema kalamu. Toa ka. Kimebaki nini?" Akishindwa kupata "lamu", yaelekea shida ni kutenganisha sauti, na mara nyingi disleksia (ugumu wa kujifunza kusoma usiotokana na uzembe wala akili ndogo) huanzia hapo. Hiyo b na d usiipe uzito peke yake, wanaoanza kusoma wengi huzichanganya.

mdau_KKK: Usisahau kasi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kupatia kila neno lakini kwa kukokota silabi, akifika kwenye nukta hajui alichosoma. Mpe kifungu kipya, hesabu maneno aliyopatia kwa dakika 1, uliza maswali. Siku nyingine msomee wewe kifungu cha kiwango hichohicho, uulize tena. Akijibu cha kusomewa tu, kuelewa anaelewa, kinachomkwamisha ni maandishi.

Na r na l zikibadilishana hata akiongea, mara nyingi hiyo ni lafudhi ya nyumbani, msimwonee.

chaki_nyeupe: Asante. Na hesabu? Mia tatu na nne anaandika 3004.

elimu_maalumu: Anaandika anavyosikia: 300, halafu 4. Mchoree jedwali la mamia, makumi na mamoja. Akinyooka, ilikuwa mada haijaeleweka. Kinachotia shaka ni darasa la tatu kuhesabia vidole 3 + 2, au kushindwa kusema ipi kubwa kati ya 7 na 9 mpaka aanze 1.

Mpe mazoezi ya ziada wiki 6 hivi, tunza kazi zake zote zikiwa na tarehe. Asiposogea, zipeleke kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Mzazi mwonyeshe daftari na umweleze unachokiona. Neno disleksia liache kwa watakaompima.