Taa ya kuonya presha ya dizeli ikishuka, naifungaje?

Mwenye Ram:
Wakuu habari zenu. Nna Dodge Ram ya injini ya Cummins 5.9 valvu 24, ile yenye pampu ya VP44, yaani pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Kila anayezijua hizi gari anasema fidi pampu (ile ndogo inayovuta dizeli toka tangi kuipeleka pampu kubwa) ikichoka haikwambii kitu, gari linawaka na kutembea kama kawaida huku pampu kubwa inakula chuma ndani kwa kukosa dizeli, ukija kuhisi nguvu zimepungua ushachelewa. Geji ya mshale ninayo, iko pembeni ya usukani, ila ukiwa unapanda mlima na trela nyuma macho yako barabarani, nani anaangalia geji? Nataka taa nyekundu iwake yenyewe, na buza kama inawezekana. Sasa presha nichukulie wapi, swichi iwe ya psi ngapi, na waya zinapitaje? Kuna jamaa kanishauri nifunge swichi ya oili ya gari dogo tu, inafaa?

Fundi Pampu:
Mkuu umewaza vizuri sana na usiahirishe. VP44 hailainishwi na oili ya injini, dizeli yenyewe ndo inailainisha na ndo inaipoza, pamoja na ile saketi ya umeme iliyoko juu yake. Ndo maana fidi pampu inatakiwa ilete dizeli nyingi kuliko injini inavyochoma, ile ya ziada inapita kwenye valvu ya kurudishia na kuondoka na joto kwenda kwenye tangi. Hiyo valvu inafunguka kwenye psi 14 hivi, sa fikiria presha iko 3 au 4, hamna kinachorudi, pampu inajipikia humo humo.

Presha ichukulie baada ya filta, kabla ya kuingia VP44. Ukichukua kabla ya filta utakuwa unasoma fidi pampu tu, filta ikiziba geji itaonyesha presha nzuri kabisa wakati pampu kubwa ina njaa. Njia rahisi ni kutoa bolti ya banjo ya hapo (ile yenye tundu katikati inayopitisha dizeli) na kuweka nyingine yenye tundu la uzi wa inchi 1/8. Afu usifunge swichi hapo hapo kwenye injini, ule mtikisiko utavunja fitingi ya shaba siku moja dizeli ikarukia egzosi. Tumia hosi fupi ya dizeli, swichi ikae kwenye bodi.

Na hili naomba ulizingatie: kwenye uzi usizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba. Vipande vyake vinakatika na hapo ushapita filta, hamna kitu cha kuvizuia, vinaenda moja kwa moja ndani ya pampu. Tumia gundi ya uzi ya maji inayostahimili dizeli, na uache nyuzi mbili za mwanzo bila gundi.

Mpenda Geji:
Mi naona taa ni kujisumbua. Geji nzuri iweke juu kwenye nguzo ya kioo, usawa wa macho, inakwambia zaidi ya taa. Ukiona leo ikiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta) 14 na wiki ijayo 11 unajua filta inaanza kuziba, taa itakuonyesha hilo?

Fundi Pampu:
@Mpenda Geji haikuonyeshi, kweli, na hakuna aliyesema atoe geji. Ila kuna kitu kinadanganya watu wengi, fidi pampu iliyochoka gari likiwa sailensa inasoma vizuri tu, kwa sababu injini inachoma kidogo. Kanyaga mafuta mpaka chini na mzigo nyuma ndo utaona mshale unaporomoka, na huo ndo wakati dereva hana nafasi ya kuuangalia. Geji inakuonyesha mwenendo, taa inakushtua. Vikae vyote.

Waya na Fyuzi:
Nijibu upande wa umeme. Tafuta swichi ya presha ambayo ikiwa haina presha inapitisha umeme, presha ikipanda inakata. Moto toa kwenye laini inayowaka ukifungua swichi ya ufunguo, pitisha fyuzi ya ampea 2, nenda kwenye taa ya LED ya volti 12, toka kwenye taa nenda kwenye swichi ya presha, mwisho bodi ya gari kama hasi. Rilei huhitaji kwa LED, hata buza ndogo iweke sambamba na taa, swichi inabeba bila shida. Rilei uiweke kama unataka honi kubwa.

Faida ya mpangilio huu ukifungua ufunguo asubuhi taa inawaka kidogo afu inazima fidi pampu ikijaza, kama ya oili tu. Siku isipowaka ujue waya umekatika au taa imekufa, usitembee ukidhani uko salama. Ila ukizima na kuwasha hapo hapo inaweza isiwake kwa kuwa presha bado imebaki kwenye laini, kwa hiyo pimia asubuhi gari likiwa limelala.

Swichi ya oili usihangaike nayo, nyingi zinashtuka kwenye psi 4 mpaka 7 na huwezi kuzirekebisha, na mpira wake wa ndani haukutengenezwa kukaa kwenye dizeli. Chukua yenye skrubu ya kurekebisha uiweke kwenye 8. Fidi pampu isiyo na tatizo, gari likiwa na mzigo, presha inatakiwa ibaki juu ya 10, na chini ya 5 ni uharibifu, hapo katikati taa inakupa muda wa kupunguza mafuta. Kurekebisha unatumia pampu ya tairi ya mkono na geji ndogo isiyozidi psi 30, weka multimita kwenye mlio, pandisha upepo taratibu mpaka mlio ukate, zungusha skrubu, rudia.

Dereva wa Zamani:
Wenye pampu ya P7100, ile ya Cummins za zamani za valvu 12, msikopi hizi namba. Ile inalainishwa na oili ya injini, presha ikishuka gari linapoteza nguvu kwanza, na presha yake ya kawaida iko juu zaidi, 25 kwenda juu. Taa ya psi 8 kwenye P7100 itawaka gari likiwa limeshakufa njaa.

Mwenye Ram:
Asanteni sana wakuu, nimefunga kama mlivyoelekeza na asubuhi inawaka na kuzima vizuri. Shida moja, nikiondoka na mzigo inakonyeza konyeza haraka haraka hata geji ikiwa kwenye 11 au 12. Nipandishe skrubu?

Waya na Fyuzi:
Usiguse skrubu, na kupandisha ndo kungezidisha. Ile ni presha inapiga mapigo, kila VP44 inapofunga mlango wake wa ndani dizeli inagonga nyuma kwenye laini, mshale hauwahi kuonyesha ila swichi inahisi. Weka valvu ya sindano (koki ndogo ya kubana njia ya dizeli) kabla ya hosi, ifunge kabisa afu ifungue kidogo sana, robo mzunguko au chini ya hapo. Geji nayo itatulia kama iko kwenye laini hiyo hiyo.

Fundi Pampu:
Sawa kabisa, ila ukishaweka hiyo valvu hakikisha haijaziba. Zima gari, fungua kidogo nati ya hosi upande wa swichi, ufunguo uwe ON fidi pampu izunguke, dizeli inatakiwa idondoke. Isipodondoka swichi yako imefungiwa presha ya zamani, na taa haitawaka hata fidi pampu ikifa. Kama geji iko kwenye laini hiyo nayo itaganda, mshale utabaki juu wakati dizeli haiji.

Mwenye Ram:
Imedondoka vizuri na konyeza imeisha. Sasa imewaka kweli mlimani, geji 7, sailensa 13. Naanza na filta au fidi pampu?

Fundi Pampu:
Filta kwanza, maana ndo rahisi. Ikibaki vile vile pima presha kabla ya filta kwenye mlima huo huo. Kabla na baada zikishuka pamoja, tatizo liko kwenye fidi pampu au nyuma yake: chujio la ndani ya tangi, au hosi ya kuvutia inayoingiza upepo. Hiyo hosi haidondoshi dizeli hata ikiwa imepasuka kwa sababu inavuta, kwa hiyo kwa macho hutaona kitu. Weka kipande cha hosi ya kuonyesha ndani, washa gari, angalia kama mapovu yanapita.