Tupeane uzoefu: wewe ni mwepesi au mzito wa kuona kilichojificha?

Mwalimu wa Masasi
Ndugu zangu wa kusini, habari za mavuno. Darasani kwangu niliwapa watoto mchoro wenye mistari mingi inayopishana, nikawataka waitafute pembetatu moja iliyofichwa ndani yake. Mtoto mmoja aliinyooshea kidole kabla sijamaliza kutoa maelekezo, ilhali jirani yake, ambaye ndiye anayeongoza kwa hesabu, aliikodolea macho hadi kengele ikalia. Zoezi la namna hii lina historia ndefu: Mmarekani Herman Witkin alilitengeneza kuwa jaribio la kisaikolojia mwaka 1950, akitumia michoro iliyotokana na kazi ya Mjerumani Kurt Gottschaldt ya mwaka 1926. Witkin alidai kwamba wako watu ambao picha nzima huwatawala wasiweze kuivunja, na wako wanaoichambua kipande kwa kipande bila taabu. Naomba kila mwenye kisa chake akilete, kiwe cha shambani, cha baharini au cha nyumbani.

Mwana Mikindani
Mimi ni mzito, Mwalimu. Nikitumwa kisu jikoni hurudi nikasema hakipo, kisha mama huja kukichukua mbele ya macho yangu.

Jirani wa Mikindani
Mimi vilevile, na mke wangu anaamini kwamba ni uvivu.

Bi Mkubwa wa Msimbati
Wajukuu zangu, hayo ya pembetatu siyajui, ila ya pweza nayajua. Bamvua likikupwa tunatoka wanawake na michokoo yetu, na pweza anaweza kuwa mbele ya mguu wako akiwa na rangi ya jiwe na mikwaruzo ya jiwe, kwa sababu ngozi yake huibadilisha apendavyo. Anayeingia mwambani akitafuta umbo la pweza atarudi na kapu tupu. Mimi hutazama uchafu wake, yaani maganda ya kaa na ya chaza aliyoyatupa mlangoni, na vijiwe alivyovivuta ili ajizibie tundu. Nina mkwe aliyetoka bara, kijana mwenye macho makali anayesoma maandishi ya basi kabla halijafika kituoni, lakini nikimwonyesha pweza kwa ncha ya mchokoo huniuliza, "Yuko wapi, mama?"

Nahodha wa Kivinje
Kwa heshima zote, Bi Mkubwa, kuona ni kazi ya wanaume. Sisi tunaona kivuli cha kundi la samaki chini ya maji kutoka mbali.

Bi Mkubwa wa Msimbati
Basi siku ya bamvua uje na mchokoo wako, mwanangu, tuhesabu makapu.

Mwalimu wa Masasi
Nahodha asikasirike, lakini mwaka 1966 mtafiti John Berry alichapisha matokeo ya kuwapima Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, pamoja na Wainuit wa Kisiwa cha Baffin, ambao walikuwa wakiishi kwa uwindaji. Wainuit waliyaona maumbo yaliyofichwa kwa wepesi zaidi, na miongoni mwao wanawake hawakuachwa nyuma na wanaume.

Mkulima wa Newala
Mwalimu, kwa hiyo unatuambia kwamba sisi wakulima ni vipofu? Mimi naingia ghalani, nashika kiganja cha korosho, na zile zitakazoshushwa daraja naziona kabla karani hajavaa miwani. Huyo Berry angekuja Newala na gunia badala ya michoro, tungeona nani mwepesi. Isitoshe, nilisoma kwamba wataalamu wengine walimpinga Witkin mwenyewe, wakasema kipimo chake hakionyeshi tabia ya mtu, kinaonyesha uwezo wake wa kushughulika na maumbo na nafasi tu.

Mwalimu wa Masasi
Pingamizi hilo ni la kweli, na mimi naliona lina nguvu. Sikusema vipofu.

Shangazi wa Tandahimba
Mmenikumbusha jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa. Tulikuwa tunaokota korosho chini ya mikorosho ambayo haijafagiliwa, na majani makavu yalikuwa yametanda. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, wa darasa la nne, pamoja na mwanangu aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Yule mtoto wa kaka alinishika kanga akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, usisogee, kuna bafe." Nikamwuliza yuko wapi, akajibu kwamba yuko pale kwenye bibo lililopasuka, kushoto kidogo. Bibo nililiona, nzi waliolizunguka niliwaona, hata jani lenye tundu la mdudu nililiona, lakini bafe sikumwona. Akanyoosha kijiti, akanieleza kwamba kichwa kiko hapa na mkia umejikunja kule, nami bado naona majani matupu. Wakati huohuo mwanangu anainama kuliokota lile bibo. Nikitaka kumrukia naogopa kumkanyaga nyoka nisiyemwona, na nikitaka kupiga kelele sauti haitoki. Mtoto wa kaka ndiye aliyemvuta kwa shati. Ndipo yule nyoka alipovuta pumzi na kuitoa kwa mkoromo, mwili ukatuna, na mara majani yote yakawa nyoka, na zile alama zake za mgongoni zilizopangana zikaonekana wazi kama nakshi za mkeka. Tangu dakika hiyo sikuweza tena kutomwona. Niligeuza uso, nikatazama tena, naye alikuwa palepale, mnene, na nikashangaa nilikuwa nikitazama nini muda wote ule.

Mwana Mikindani
Pole sana, Shangazi. Je, mlimuua?

Jirani wa Mikindani
Mtoto hakuumwa?

Nahodha wa Kivinje
Bafe haumi mtu asipokanyagwa.

Mkulima wa Newala
Nahodha, ya nchi kavu tuachie sisi. Mkono wa mtoto ukimfikia puani atauma vizuri tu.

Shangazi wa Tandahimba
Mtoto hakuumwa, ahsanteni. Nyoka aliuawa na vijana wa shamba la jirani. Ninachotaka kujua ni kwa nini mtoto wa darasa la nne amwone na mimi nisimwone.

Mchonga Mpingo
Shangazi, macho yako hayana kosa. Mimi ni Mmakonde, nachonga sanamu za mitindo ya ujamaa na shetani, na mteja huweza kuizunguka sanamu akahesabu nyuso nne, huku mwanawe ameshaigusa ya tano iliyo kwenye kwapa la mwenzake. Nikikutana na mteja wa namna hiyo, namwambia afinye macho na arudi nyuma.

Mtu wa Lindi Mjini
Mimi nasema kinyume chake, usirudi nyuma, inama kabisa. Pale Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi, Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mtu anayeweza kuutenganisha mfupa na udongo uliougandia hafanyi utenganisho huo akiwa amesimama mbali. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa hapo alipewa jina lake, Australodocus bohetii.

Mkulima wa Newala
Kwa hiyo Shangazi angemwinamia bafe?

Kijana wa Nachingwea
Kisa changu ni cha ajabu kidogo. Mabibo mekundu yakiwa mtini kati ya majani mabichi siyaoni mpaka nikaribie, na nilipopimwa kwa kile kitabu cha vitone vya rangi alichokitunga Mjapani Shinobu Ishihara, ambacho kilitoka mwaka 1917, tarakimu nyingi sikuzisoma. Lakini kinyonga na panzi naanza kuwaona mimi kabla ya ndugu zangu wote.

Mwalimu wa Masasi
Hilo linaelezeka, kijana wangu. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba wasiotofautisha nyekundu na kijani waliweza kugundua maumbo ambayo rangi zilizovurugwa ziliwaficha watu wa kawaida, kwa kuwa rangi hizo haziwababaishi. Na wewe Shangazi, mwendo wa nyoka ndio uliokata mstari kati ya mwili wake na majani, kisha ubongo ukishapata umbo haukubali kuliachia. Mtoto wa kaka yako huenda alishawahi kuona bafe, akajua anatafuta nini.

Shangazi wa Tandahimba
Baba yake hukata kuni, kwa hiyo ni kweli, ameshawaona.

Nahodha wa Kivinje
Dawa ya yote haya ni supu ya pweza kila Ijumaa. Inaimarisha macho na mengineyo.

Bi Mkubwa wa Msimbati
Na huyo pweza wa supu utamtoa wapi, Nahodha, na wewe unaangalia vivuli vya mbali?