"If I would have known" inakatwa kila mara: -nge- yetu inahamishwaje kwenda Kiingereza?

Kalamu_ya_Nne

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwenye sentensi za masharti za Kiingereza. Kanuni nimezikariri: aina sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Shida inakuja ninapofikiria kwa Kiswahili halafu nihamishe. Hizi tatu ndizo zinazonikwamisha:

1. "Ningejua unakuja, ningekusubiri." Naandika "If I would have known you are coming, I would wait you."
2. "Mvua ikinyesha kesho, tutaahirisha mechi." Naandika "If it will rain tomorrow, we will postpone the match." Jambo ni la kesho, sasa "will" ina kosa gani?
3. "Usipojisajili mapema, hutapata nafasi." Swali linataka nianze na "Unless". Naandika "Unless you don't register early, you will not get a place."

Halafu nasikia kwamba "if" na "will" hazikai pamoja hata siku moja, lakini "I don't know if he will come" naiona kila mahali. Nishike lipi?

Mwl_Zamu

Nichukue ya kwanza, maana ndiyo inayoangusha wengi.

Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: ningejua, ningekusubiri. Kiingereza hakifanyi hivyo. "Would" inakaa upande wa matokeo tu. Upande wenye "if" hauipokei. Badala yake kitenzi kinarudishwa nyuma hatua moja ya wakati. Jambo la sasa linaandikwa kwa wakati uliopita, na jambo lililopita linaandikwa kwa "had" na umbo la tatu la kitenzi. Kwa hiyo -nge- mbili za Kiswahili zinakwenda sehemu mbili tofauti: ya kwanza inageuka kuwa wakati uliorudishwa nyuma, ya pili ndiyo "would".

Kuna mtego mwingine hapohapo. Vitabu vya sarufi vinatenganisha -nge- ya jambo ambalo bado lina nafasi na -ngali- (wengine husema -ngeli-) ya jambo lililokwisha pita. Kwenye mazungumzo ya kila siku -nge- imebeba kazi zote mbili. Ukisema "Ningekuwa na hela ningenunua kile kiwanja", msikilizaji hajui kama kiwanja bado kinauzwa au kilishachukuliwa. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Kabla ya kuandika, ongeza neno la wakati kwenye sentensi yako ya Kiswahili, "sasa" au "mwaka jana", ndipo uhamishe:

Sasa: "If I had money, I would buy that plot."
Mwaka jana: "If I had had money, I would have bought that plot."

Hiyo "had had" si makosa ya uchapaji. Ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ni umbo la tatu la "have". Wanafunzi wengi wanaifuta moja wakidhani wamejirudia, na sentensi inarudi kuwa ya sasa.

Sentensi yako basi: "If I had known you were coming, I would have waited for you." Angalia mambo mawili zaidi. "Unakuja" imekuwa "you were coming" kwa sababu ni habari iliyopaswa kujulikana wakati ule. Na "wait" inataka "for" kabla ya mtu; Kiswahili kinamaliza kazi hiyo ndani ya kitenzi, Kiingereza hapana.

Utasikia Wamarekani wakisema "If I would have known" wakiongea. Kwenye mtihani au barua ya kazi inahesabiwa kosa, achana nayo.

Bandarini

Namba 2. Tazama mkia wa sentensi ya Kiswahili, utakuambia cha kufanya.

Mkia ukiwa na hu-, ni jambo la siku zote, na Kiingereza kinatumia wakati uliopo pande zote: "Ukipasha maji hadi nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, huchemka" ni "If you heat water to 100 degrees Celsius at sea level, it boils." Mkia ukiwa na -ta-, "will" inakaa kwenye mkia peke yake na upande wa "if" unabaki wakati uliopo: "If it rains tomorrow, we will postpone the match." Hiyo "rains" haisemi mvua ya leo. Ukesho umeshabebwa na "tomorrow" na "will", hauhitaji kutajwa mara ya tatu. Mkia ukiwa wa kuagiza, unaagiza tu: "Akija, mwambie anipigie" ni "If he comes, tell him to call me."

Ila -ki- haisemi kama ni "if" au "when", na hapa watu hawaangalii. "Jua likizama, tutafuturu" lazima iwe "When the sun sets, we will break our fast." Ukiandika "if" umesema huna hakika kama jua litazama. Jiulize: jambo hili linaweza lisitokee? Kama haliwezi, tumia "when". Na ile -ki- ya "Nilimwona akivuka barabara" haina sharti lolote ndani yake: "I saw him crossing the road."

Kuhusu "if" na "will" kukaa pamoja: aliyesema haiwezekani kamwe amezidisha. Ziko "if" mbili. Moja ni ya sharti, nyingine ni "kama" ya kuuliza, ile ya "Sijui kama atakuja". Jaribu kuweka "whether" mahali pa "if". Ikikubali, "will" ni halali: "I don't know whether he will come." Ikikataa, toa "will". "Whether it rains, we will postpone" haileti maana, kwa hiyo hiyo ni ya sharti. Pia "would" inaruhusiwa upande wa "if" pale unapomwomba mtu kwa adabu: "If you would wait here, I will call the doctor." Hapo maana ni "kama utakubali kusubiri".

Nukta_na_Mkato

Namba 3: "unless" imeshabeba kukanusha ndani yake, kama -sipo-. Ukiongeza "don't" umekanusha mara mbili na maana imepinduka. Sentensi yako inasema anayejisajili mapema ndiye anayekosa nafasi. Toa kanusho la upande wa sharti tu. La upande wa matokeo liache lilivyo: "Unless you register early, you will not get a place." Wengine wakishaambiwa "toa not" wanatoa zote mbili, nalo ni kosa.

Lakini si kila -sipo- inakubali "unless". "Asipokuja nitashangaa" ni "I will be surprised if he doesn't come." Huwezi kusema "unless he comes". Kipimo: geuza Kiswahili chako kwa "isipokuwa kama". "Hutapata nafasi, isipokuwa kama umejisajili mapema" inakaa vizuri. "Nitashangaa, isipokuwa kama amekuja" haikai.

Kwa wanaojiandaa na mitihani, Kenya hasa, ambako karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ina maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo: ukiambiwa uanze na "Had", "Were" au "Should", neno "if" linaondoka kabisa na kitenzi kinatangulia mtenda. "Had I known, I would have waited." "Were she here, she would agree." "Should he call, tell me." Kwenye ya mwisho ni "call", si "calls". Ukikanusha, "not" inakaa baada ya mtenda: "Had it not rained, we would have played." "Hadn't it rained" haikubaliki.

Bandarini

Nyongeza fupi kuhusu vifupisho. "If I'd known, I'd have waited": alama ni ileile, ila ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Tazama kinachofuata. Umbo la tatu la kitenzi, basi ni "had". "Have" au kitenzi kisicho na nyongeza, basi ni "would". Na "would of" haipo. Ni "would've" iliyosikiwa vibaya kwa sikio.

Kalamu_ya_Nne

Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Nimejaribu nyingine tatu, naomba mzisahihishe:

a) "Kama alipita hapa jana, mlinzi atakuwa alimwona." – "If he had passed here yesterday, the guard would have seen him."
b) "Ningesomea uuguzi, sasa hivi ningekuwa na ajira." – "If I had studied nursing, I would have had a job now."
c) "Ingekuwa mimi, nisingesaini mkataba huo." – "If it would be me, I would not sign that contract."

Mwl_Zamu

a) Kiingereza chako ni safi lakini umebadilisha habari. Ulichoandika kinasema hakupita. Kiswahili chako hakisemi hivyo. Anayesema hajui kama alipita au hakupita. "Kama" pamoja na -li- ni sharti la kweli la wakati uliopita, na halirudishwi nyuma: "If he passed here yesterday, the guard must have seen him." Hapa ndipo ukikariri aina nne tu unakwama, kwa sababu sentensi hii haimo katika yoyote kati yake.

b) Upande wa "if" uko sawa, kusoma kumeshapita. Matokeo lakini ni ya sasa hivi, kwa hiyo "I would have a job now." Kila upande uupimie wakati wake peke yake. Hakuna sheria inayosema pande zote zitoke aina moja.

c) Rudi kwenye kanuni ya kwanza, "would" haikai upande huo. Sema "If I were you, I would not sign that contract." "Were" inatumika hata kwa "I" na "he", "was" utaisikia sana kwenye mazungumzo, ila kwenye mtihani andika "were". Hiyo ni kama mkataba bado haujasainiwa. Kama mwenzako ameshasaini na unamwambia tu ungefanyaje, matokeo yanarudi nyuma: "If I were you, I would not have signed that contract."