Kuokoa kampuni za magari Marekani: bora apewe mwenye kiwanda, apewe mnunuzi, au waachwe wafilisike?

Kipanga76:
Wakuu, salaam. Kijiweni kwetu kumekuwa na ubishi usioisha kuhusu zile pesa ambazo serikali ya Marekani iliwapa General Motors (GM) na Chrysler, kampuni za magari. Mmoja anasema ziliokoa nchi, mwingine anasema ulikuwa wizi mchana kweupe. Ukweli ni kwamba njia zilikuwa zaidi ya moja, kwa hiyo tuzipime.

A. Kumpa mwenye kiwanda. Desemba 2008 Seneti iligoma kutoa msaada, Bush akachota dola bilioni 17.4 kwenye fungu la kuokoa mabenki. Obama akaja akaongeza, ila akamwondoa bosi wa GM, Rick Wagoner, na kampuni zote mbili zikapitishwa kwenye mahakama ya ufilisi mwaka 2009.

B. Kumpa mnunuzi. Julai na Agosti 2009 ukipeleka gari lako kuukuu linalobugia mafuta, unapunguziwa dola 3,500 au 4,500 kwenye jipya.

C. Mkopo wenye sharti la kutengeneza magari yanayotumia mafuta kidogo au umeme. Ford walipata bilioni 5.9, Nissan 1.4, Tesla milioni 465.

D. Kuwaacha wazame.

Mimi naegemea B. Anayechagua gari ni mnunuzi, si seneta. Karibuni.

Mswahili_Detroit:
Mkuu, kabla ya kuchagua dawa tuangalie ugonjwa. Watu hudai Wamarekani hawayataki magari ya kwao. Si kweli hata kidogo. Pikapu za Ford F-Series hazijawahi kupitwa na pikapu nyingine kwa mauzo tangu 1977. Wanazipenda mno, na hapo ndipo Detroit, mji wa kampuni hizi, ilipoponzeka. Pikapu moja ina faida nono kuliko saluni (gari dogo la abiria) kadhaa, na pikapu ya kutoka nje inatozwa ushuru wa asilimia 25 tangu enzi za Rais Johnson. Ulaya walibana kuku wa Marekani, naye akajibu kwa kubana magari ya mizigo. Mpaka leo wanauita ushuru wa kuku, na kuku wenyewe walishasahaulika.

Sasa wewe ni mkurugenzi, una uwanja uliozungushiwa ukuta wa namna hiyo, utahangaika na saluni ya nini? Wakaziachia Toyota na Honda. Juni 2008 galoni ya petroli ikapita dola 4, wateja wakayakimbia magari makubwa. Miezi michache baadaye mabenki yakabana mikopo, na Mmarekani wa kawaida hanunui gari bila mkopo. Mwaka 2007 yaliuzwa magari mapya kama milioni 16, mwaka 2009 hayakufika milioni 10 na nusu. Hata Toyota ilipata hasara kipindi hicho.

Halafu mabosi wa GM, Ford na Chrysler wakaenda Washington kuomba msaada, kila mmoja na ndege yake ya kifahari. Desemba waliporudi walikuja kwa barabara, kwenye magari ya haibridi, ya petroli na umeme. Watu walicheka wee.

Mkaazi_wa_Bay:
Hapo kwenye saluni niongeze kitu. Huku California, mjini Fremont, GM na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia kuanzia 1984. Corolla ya Toyota na Prizm ya GM zilitoka kwenye kiwanda hicho hicho, mikono ya wafanyakazi wale wale. Chini ya bodi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Corolla iliuzwa kwa wingi zaidi, na ikishakuwa mtumba ilishika bei kuliko Prizm. Mteja alikuwa analipia nembo, kwa sababu ile ya GM ilishamchosha miaka mingi nyuma. Imani ya namna hiyo hainunuliwi kwa hundi ya serikali. Kiwanda kilifungwa Aprili 2010, Tesla wakakichukua kwa dola milioni 42.

Fundi_Bomba:
Kipanga, hiyo B yako mimi niliifanya kwa mikono yangu. Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa fundi kwenye yadi moja Ohio. Sheria ilisema injini ya gari lililoletwa lazima iuliwe, isije ikarudi barabarani. Unamwaga oili yote, unajaza mahali pake mchanganyiko wa sodiamu silikati, wao wakiita kioo cha maji. Unawasha, unakanyaga mafuta. Mwanzo inanguruma kama kawaida. Baada ya dakika chache inaanza kukohoa, sauti inakauka, chuma kinasaga chuma, halafu inagoma moja kwa moja. Ukijaribu kuwasha tena, wapi.

Nyingi zilikuwa Ford Explorer, ndizo zilizoongoza kuletwa nchi nzima. Baadhi viti vyake safi, gia haina tatizo. Mjomba wangu yuko Bujumbura, wanaendesha upande wa kulia kama huku. Gari la namna ile angelitumia mpaka wajukuu. Na mteja akishasaini makaratasi anaondoka na nini? Corolla. Ndiyo iliyoongoza kununuliwa kwa pesa za mpango ule.

Kipanga76:
Fundi, habari ya injini inauma, nakubali. Ila lengo halikuwa Detroit peke yake. Lengo lilikuwa yadi zipungue magari na viwanda viite watu kazini. Bilioni ya kwanza iliisha ndani ya wiki moja hivi, Bunge likaongeza mbili. Yakatoka karibu magari 680,000. Mpango gani mwingine wa serikali uliwahi kukimbiliwa hivyo?

Takwimu_Tu:
Kukimbiliwa si hoja. Wachumi Atif Mian na Amir Sufi walizifuatilia namba zile wakakuta karibu wote walikuwa wanunuzi ambao wangenunua tu miezi michache baadaye. Kufikia Machi 2010 ongezeko lote lilikuwa limefutika. Yaani mlikopa wateja wa kesho.

Jua_Kali_Nakuru:
Mimi ni D bila aibu. Honda wanaunda Accord pale Marysville, Ohio, tangu 1982. Toyota wako Georgetown, Kentucky. Hao wafanyakazi si Wamarekani? Kwa nini walipe kodi ya kumwokoa mshindani wao? Maseneta wa kusini kama Richard Shelby wa Alabama waliuliza swali hilo hilo, ingawa najua kwao kuna viwanda vya Mercedes, Honda na Hyundai, kwa hivyo naye hakuwa malaika.

Tena angalieni vile Chrysler iligawanywa. Waliokopesha kwa dhamana, watu ambao kisheria hulipwa kwanza, walipata senti 29 kwa kila dola. Mfuko wa matibabu wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi ukapewa asilimia 55 ya hisa. Mifuko ya pensheni ya Indiana ilienda hadi Mahakama ya Juu kulalamika, ikatoka mikono mitupu. Hapo mtu akiniambia sheria ilifuatwa nitamwangalia tu.

Mswahili_Detroit:
Jua Kali, la Chrysler sikupingi sana. Lakini D unayoisema haikuwepo. Kampuni ikifilisika Marekani inahitaji mtu wa kuikopesha pesa za kuendeshea kazi mahakama ikipanga mambo. Majira yale ya baridi nani alikuwa na mabilioni ya kukopesha? Mabenki yenyewe yalikuwa yamelazwa. Bila hizo pesa ni kufunga milango na kuuza mashine kwa kilo.

Na wenye viwanda vya spea ni wale wale kwa wote. Anayemuuzia GM taa anamuuzia Ford na Honda pia. Ndiyo maana Alan Mulally wa Ford, ambaye hakuchukua pesa ile, alisimama mbele ya Bunge akawaombea wapinzani wake. Ford nao msiwape utakatifu. Mwaka 2006 walikopa bilioni 23.6 kwa kuweka rehani karibu kila kitu, hadi ile nembo ya duara la buluu. Walibisha hodi benki kabla mlango haujafungwa, basi.

Gharama ya A ipo. Serikali iliuza hisa za mwisho za GM Desemba 2013 ikiwa na hasara ya zaidi ya bilioni 10. Pontiac na Saturn zikafa. Chrysler peke yake ilifuta yadi 789. Kijana aliyeajiriwa kiwandani baada ya hapo alianzia kama dola 14 kwa saa, pembeni yake mzee anapata 28 kwa kazi ile ile. Jambo hilo liliwasha moto hadi mgomo wa wafanyakazi wa 2023.

Mama_Zawadi:
Ndugu zangu mnaongelea hisa, hakuna aliyeongelea aliyeko kwenye usukani. Mimi nikinunua gari naangalia bima, mafuta, spea, na kama viti viwili vya watoto vinaingia nyuma. Sijawahi kuuliza nani alipewa msaada.

Ila moja liliniudhi. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba Chevrolet Cobalt na ndugu zake zilikuwa na swichi ya ufunguo inayoweza kujizima gari likiwa kwenye mwendo, na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Waathirika walipokwenda mahakamani, GM mpya, iliyotoka kwenye ufilisi, ikajitetea kwamba makosa ya GM ya zamani yalibaki upande wa pili wa ufilisi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa New York ikaukataa utetezi huo wa GM. Hii ndiyo sehemu ya A ambayo mimi siwezi kuimeza: kampuni inatoka imeoshwa, mwenye gari anabaki na ufunguo wake mbovu.

Takwimu_Tu:
Mama Zawadi, heshima. C nayo isisahaulike. Tesla walilipa mkopo wote mwaka 2013, miaka tisa kabla ya muda. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme, walizama na dola milioni 139 za serikali. Lakini sharti la magari madogo halikumbadilisha mnunuzi. Mafuta yaliposhuka bei mwishoni mwa 2014, watu walirudi kwenye SUV. Mwaka 2018 Ford wakatangaza kuachana na saluni Amerika Kaskazini isipokuwa Mustang. Machi 2019 GM wakasimamisha Lordstown, Ohio, kiwanda cha Cruze. Kwenye umeme mambo ni yale yale: punguzo la kodi la dola 7,500 lilikoma tarehe 30 Septemba 2025, wanunuzi walijazana kabla ya siku hiyo, Oktoba yadi zikapoa.

Mzee_Kobe:
Vijana, mmeruka njia iliyolipa. Januari 1980 Carter alitia saini udhamini wa mikopo ya Chrysler, hadi bilioni 1.5. Serikali haikutoa hundi, ilisimama mdhamini, na ikachukua haki ya kununua hisa baadaye. Lee Iacocca, bosi wa Chrysler, alimaliza deni 1983, miaka saba mapema, na hazina ikavuna zaidi ya milioni 300. Kisha wakatoa gari la familia lenye mlango wa kuteleza, kina mama wakalipenda. Kwa nini 2008 hawakurudia hiyo?

Mswahili_Detroit:
Mzee wangu, shikamoo. 2008 hapakuwa na benki ya kudhaminiwa. Na kwenye hesabu yako ongeza hili: mwaka 1981 Wajapani walishinikizwa wapunguze magari wanayopeleka Marekani. Toyota na Honda zikapanda bei, Chrysler ikapata nafasi ya kupumua. Hazina ilipata faida, sawa, lakini aliyetaka Corolla mwaka ule alichangia bila kuulizwa.