Naombeni ushauri: nataka kupigwa picha za mwili ili nijizoee

Tulizo: Habari za jioni wanajamvi. Mwili wangu umebadilika tangu mwaka jana. Kioo nakikwepa, kuoga naoga taa imezimwa. Nimepata mpiga picha, dada mmoja hapa Dar, anasema picha zitanisaidia kujikubali. Roho inasita. Niende?

Kibo: Umenenepa? Acha ugali wa usiku, amka ukimbie. Mimi kitambi kiliisha hivyohivyo.

Mama Wawili: Nenda mdogo wangu. Baada ya uzazi wa pili nilijificha kila ilipotoka kamera. Sasa wanangu wanafungua albamu wananiuliza, "Mama, ulikuwa wapi?"

Fundi Lenzi: Usijihukumu kwa selfi. Kamera ya mbele ni lenzi pana, ukiisogeza karibu pua inavimba. Mwambie atumie lenzi ya milimita 85, asimame mbali kidogo, mwanga wa dirishani utokee ubavuni. Na asilainishe ngozi kwenye kompyuta.

Kaka Mkavu: Umebadilikaje? Mbona unazunguka?

Tulizo: Titi la kushoto limeondolewa. Saratani.

Mtumishi: Pole sana binti. Ila mwili ni hekalu, 1 Wakorintho 6:19. Kuvua nguo mbele ya kamera siafiki.

Bint Pangani: Pole shoga. Kuna mpiga picha Mwingereza, Jo Spence. Mwaka 1982, kabla ya kupasuliwa, aliandika jina lake juu ya titi lake na alama ya kuuliza: ni mali yake au si yake? Akapigwa picha hivyo. Baadaye yeye na mpiga picha mwenzake, Rosy Martin, wakaifanya kamera kuwa njia ya tiba. Lakini mwenye kuamua picha ionekaneje alikuwa yeye. Zako zitabaki kwa nani?

Tulizo: Zitawekwa kwenye maonyesho. Nimeshasaini. Uso hautaonekana. Mume wangu sijamwambia, maana mwili ni wangu.

Mama Wawili: Heee!

Wakili wa Mtaa: Taarifa za afya ni nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ridhaa uliyoandika unaweza kuiondoa. Mwandikie leo, kabla hazijachapwa.

Kibo: Chai hii. ID ya juzi, kisa kimenyooka kama tamthilia. Weka picha tuamini.

Tulizo: Picha sikuwekei. Ndani ya sidiria navaa soksi niliyoijaza mchele. Daladala ikijaa inapanda hadi karibu na bega, nafunika kwa mtandio mpaka nishuke. Kovu linaanzia katikati ya kifua linaishia kwapani, na kwapa halina hisia. Mume wangu hajaliona, nalala na blauzi. Nataka mimi niwe wa kwanza kuliangalia vizuri.

Bint Pangani: Basi piga, ila za kwako tu. Maonyesho yasubiri.

Tulizo: Nimempigia. Amekubali kuifuta ile karatasi, na picha zote atanikabidhi. Jumamosi naenda. Mume nitamwonyesha nikiwa tayari.

Mtumishi: Bado siafiki, lakini nakuombea.

Mama Wawili: Huyo dada anachukua bei gani? Nami nataka.